Wino Wangu Umeisha, Kanuni Zenu Hazijaisha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza,
Marsham Street, London.

MINT: KANUNI ZA VIZA NA MATUMIZI YA WINO MOLO

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili ili nisivunje sheria. Kiingereza ninacho. Nilichapwa shuleni kwa kukosa kukisema, nikakifanyia mtihani wa kitaifa, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, katika orodha yenu ya nchi ambazo wenyeji wake mnawaamini kwa Kiingereza bila kuwauliza, Jamaika imo, Malta imo, Kenya haimo. Sisi hupimwa kwa mtihani wa kulipia, na cheti chake hufa baada ya miaka 2. Changu kimekwisha kufa. Sitaki kumsemesha waziri kwa lugha ambayo sina kibali nayo.

Na usidhani ni mzaha wa vijijini. Mwaka 2021 serikali zetu mbili zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi wa Kenya kwenu. Baadaye mwaka huohuo Waziri wetu wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba wauguzi 300 walikaa mtihani wa Kiingereza na waliofaulu walikuwa 10. Watu hao walisomea uuguzi kwa Kiingereza, wakasajiliwa kwa Kiingereza, na huandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Mgonjwa alipona, mtihani ndio uliokataa.

Mimi nina saiba hapa Molo, karibu na steji. Kazi yangu ni kuchapa, kuskani, kufungua akaunti za eCitizen, kuwatafutia wazee nywila zao za KRA zilizopotea na, miaka hii ya karibuni, kuwasomea watu kanuni zenu. Wakulima wa viazi, walimu wasio na ajira, mama wa kanisa mwenye binti aliyemaliza diploma: wote huvuta kiti na kuniuliza, "Wamesema nini leo?" Na mimi hufungua tovuti yenu kwa uoga, kwa sababu nilichomchapia mtu Jumatatu huenda Ijumaa kikawa karatasi ya kufungia nyama.

Utaniwia radhi nisipolitaja jina lako kwenye anwani. Si dharau, ni kubana matumizi. Tangu Februari 2022, mlipofungua viza kwa watunza wazee, kiti chako amekikalia Priti Patel, halafu Suella Braverman, halafu Grant Shapps, halafu Braverman tena, James Cleverly, Yvette Cooper, kisha Shabana Mahmood. Shapps alikaa siku 6. Cheti cha kifua kikuu tunachopimiwa Nairobi hudumu miezi 6. Kwa hesabu hiyo pafu la mtu wa Molo ni imara kuliko waziri, na nikiandika jina leo nitalazimika kulichapa upya.

Turudi Februari 2022. Mlisema mna wazee wengi na mikono michache, mkatuita. Tukaitika. Vyuo vya kutunza wazee vikachipuka Nakuru kila ghorofa, na ploti za hamsini kwa mia zikaanza kuuzwa kwa bei ya haraka, kwa sababu wakala wa safari hangoji. Machi 11, 2024, mkasema mtunza wazee aje, ila mume, mke na watoto wabaki. Sijaona serikali iliyokata familia ya mtu kwa ustadi kama huo: mikono ipande ndege, moyo ubaki Turi, jirani yetu. Binti wa hapa akamwogeshe mama yako, amlishe uji, amgeuze usiku asipate vidonda, halafu mtoto wake alelewe na shangazi kwa simu na M-Pesa. Mlieleza kwamba wategemezi wamekuwa wengi. Ni kweli, watu wenye umri wa kufanya kazi huwa na watoto. Ni kasoro ambayo hata sisi hatujaipatia dawa.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mei 12 mkatangaza kwamba mlango wa kuajiri watunza wazee kutoka nje utafungwa, na Julai 22 mkaufunga. Ni siku 71. Kiazi cha shangi, ambacho huku tunakipenda kwa sababu ya haraka yake, huhitaji kama miezi 3. Mkulima aliyepanda asubuhi ya tangazo lenu akitarajia kuuza magunia amlipie mtoto ada ya viza, aliukuta mlango umefungwa na viazi bado viko udongoni.

Waliotangulia nao hawakusalimika. Kwa hesabu zenu wenyewe, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 mlifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya leseni hizo. Mwajiri ndiye aliyedanganya. Adhabu ikamfikia aliyedanganywa: siku 60 awe amepata mdhamini mwingine, au afunge begi. Huku Molo wakala akimtapeli mtu, angalau tunamtafuta wakala.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Ninyi ni watu wa kanuni tangu zamani, na Molo inawajua. Reli ilipita hapa kuelekea Kisumu, ikafika ziwani Desemba 1901, na baada yake wakaja walowezi. Hawakupimwa kifua, wala hawakuulizwa akiba ya benki. Hakuna aliyewafanyia mtihani wa Kikalenjin wala wa Kimaasai. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa mikataba ya miaka 99. Wakalalamika kwamba ni michache, na ya 1915 ikawapa miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza, mwaka 1919, mashamba ya wanajeshi wastaafu yakagawanywa Nairobi kwa bahati nasibu. Watu wangu walipojaza bahati nasibu ya viza ya Marekani waliambiwa wanapenda njia za mkato.

Sisi tukawa maskwota. Kwa sheria ya 1918, skwota alimfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Alipozoea, sheria ya 1937 ikaruhusu siku zipandishwe hadi 240, na hata 270, na mifugo yake ipunguzwe. Sasa nisomee tena tangazo lenu la Novemba 2025, ili nihakikishe macho yangu. Mhamiaji alikuwa akipata ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5. Mlipendekeza iwe 10. Na kwa waliokuja kwa viza ya kutunza wazee na kazi za namna hiyo, 15. Mheshimiwa, babu yangu angelitambua tangazo hilo hata kabla ya kutafsiriwa. Tofauti niliyoiona ni moja tu: wakati ule mlimtaka skwota mwenye wake na watoto wengi, kwa sababu mikono midogo huchuma pareto vizuri. Siku hizi mmegundua kwamba watoto hao huhitaji shule.

Mtaniambia kwamba kuna njia ya masomo. Nimeichapa sana. Mwanafunzi wa nje ya London aonyeshe pauni 1,171 za matumizi kwa kila mwezi, hadi miezi 9, mbali na karo. Hizo ni karibu shilingi milioni 1.8, na sharti zilale benki siku 28 mfululizo bila kuguswa. Natamani mfike Molo mwezi Januari mwone pesa ikijaribu kulala siku 28. Ikilala siku ya tatu, mjomba ameshasikia. Kwa hiyo ukoo hufanya harambee ya kukopeshana: fedha zinaingia kwenye akaunti ya kijana, zinakaa zikilindwa na wazee watano, zinapigwa picha, zinarudi kwa wenyewe. Na tangu Januari 2024, kwa kawaida mke wake hawezi kufuatana naye isipokuwa mwanafunzi mwenyewe anasomea utafiti wa shahada za juu. Akihitimu, miaka 2 mliyokuwa mkimpa ya kutafuta kazi inakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Nimeiandika tarehe hiyo kwa penseli.

Nchi yenu ina haki ya kuchagua wageni. Kila boma lina lango. Ninachoomba ni kwamba mwenye boma akimwita mtu, asibadilishe kitasa wakati mgeni yuko njiani amebeba kuku. Kanuni mpya zisimguse aliyekwisha kulipa ada chini ya kanuni za zamani, kwa sababu alilipa kwa ploti, na ploti hairudi. Tangazo lolote lingoje msimu mmoja wa shangi kabla ya kuanza kazi. Mtunza wazee aruhusiwe kwenda na watoto wake, au kama hilo ni zito, mtuletee hao wazee huku. Molo ina hewa safi, maziwa, na kondoo wenye sifa. Mzee wa Kiingereza atajaza fomu yetu ya eTA kwa dola 30 akiwa kitandani kwake. Hatutampima Kiswahili. Anaweza kuja na mkewe.

Na kama haya yote hayawezekani, nijulishe mapema tu, kwa sababu Wajerumani walitia saini mkataba wa wafanyakazi na serikali yetu Septemba 2024, na nina vijana kumi na kitu wanaosubiri niwachapie vitabu vya Kijerumani. Nataka kujua ninunue wino wa kiasi gani.

Wako mtiifu,
Mwenye Saiba, Molo.

Nakala kwa:
Ubalozi wa Uingereza, Nairobi.
Wizara ya Mambo ya Nje na Diaspora, Nairobi.
Shangazi anayelea watoto watatu wasio wake, Turi.