Wati Mia Moja za Alizeti

"Mjomba, hili kopo linachemka."

Aliyesema hivyo jana saa mbili na robo usiku ni mpwa wangu wa darasa la sita, mbele ya mke wangu na mbele ya mwalimu mstaafu wa fizikia niliyemwalika mwenyewe aje ashuhudie. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa mchezo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli, mpwa hamkosoi. Huyu hakukosoa. Aliweka kiganja juu ya kopo, akakiondoa haraka, akatoa taarifa.

Kwa dakika arobaini nilikuwa naita dunia. "CQ, CQ, hapa 5H3..." kwa wati 100, megahezi 7.1, uso nimeukunja kama nahodha wa jahazi. Uganda kimya. Oman kimya. Kenya nako kimya. Nikamfafanulia mwalimu kwamba anga ya juu leo imechafuka. Maskini anga ya juu, haikuwa na kosa lolote.

Kopo lenyewe ni la rangi, la lita nne. Ndani nimezamisha vikinzani ishirini vya omu 1,000 kila kimoja, vimeungwa sambamba, kwa pamoja vinatoa omu 50. Juu yake nikamimina mafuta ya alizeti ya mke wangu ili yavipoze. Kazi ya kopo ni kuijaribu redio bila kurusha kitu hewani: nguvu yote inaishia humo, inakuwa joto. Kuna swichi ya njia mbili. A ni antena, B ni kopo. Mwenye akili angebandika karatasi. Mimi nilitegemea kumbukumbu.

Ila naomba nieleweke: vipimo vilikuwa vizuri mno.

Nilichokuwa nakiwinda kwa majuma matatu ni impidansi. Umewahi kumtwika mtu ndoo? Kama vimo vyenu vinalingana, ndoo inatua kichwani bila tone kudondoka. Kama mwenzio ni mrefu kama mnazi, au ni mfupi, maji yanakurudia kifuani. Redio yangu imeundwa kutwika omu 50, kebo nayo ni ya omu 50, na mwisho wa kebo anasimama antena na kimo chake. Waya wa nusu ya wimbi, ukiwa mbali na ardhi na kila kitu, una omu kama 73 pale katikati. (Wana redio duniani kote wakiagana hutumiana "73", maana yake salamu njema. Ni sadfa tu, lakini haijawahi kuacha kunifurahisha.) Uteremshe waya karibu na ardhi, na kimo kinabadilika. Akisimama mwenye omu 150, robo ya nguvu inakurudia.

Na kimo ni nusu ya habari. Antena ina tabia pia. Ikipungua urefu kidogo inajifanya kapasita, ikizidi inajifanya koili. Tabia hiyo ndiyo reaktansi, nayo haili chochote. Inakopa na kurudisha, inakopa na kurudisha, kama jirani anayeazima chumvi asubuhi na kuileta jioni, ila huyu anafanya hivyo mara milioni kadhaa kwa sekunde. Hakuna aliyeshiba, na njia imechakaa. Ndiyo maana unakata waya: sentimita tano, pima, sentimita tano, pima, mpaka kapasita na koili vifutane, ubaki ukinzani mtupu. Ulanga ulichimbwa katika milima hii ya Uluguru enzi za Wajerumani na za Waingereza, na ulanga ndio unaotumika kutengeneza kapasita nzuri za redio. Nikiwa juu ya ngazi na koleo mkononi hulikumbuka hilo, najiona nimo katika kazi ya ukoo.

Sasa, waya wa mita 20 uliokatwa kwa megahezi 7.1 hutulia hapo. Ukipanda hadi 14, omu zinapaa kwa maelfu. Jana kipimo kilisema 50 kwenye 3.5, 50 kwenye 7.1, 50 kwenye 14. Mzoefu angeingiwa na hofu. Mimi nilimshukuru Mungu, nikamtuma mtoto akamwite mwalimu.

Mwalimu aliitazama swichi, akalitazama kopo, akanitazama mimi. "Hongera," akasema. "Alizeti yako ina impidansi safi kabisa."

Hilo ningelimeza. Lakini katikati ya zile dakika arobaini, mama jirani alipiga kelele juu ya ua: "Jirani, zima hilo dude! Umenikatia tamthilia!" Wati zangu zote 100 zilikuwa zinakaanga kopo. Kilichokatika ni kifurushi cha king'amuzi chake, kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Miaka yote hii taa ikiungua ni mimi, kuku akigoma kutaga ni mimi, radi ikipiga ni mimi nimeiita. Kule juu kileleni Bondwa kuna minara ya mawasiliano inayoonekana mji mzima, na hakuna anayeipandia kuigombeza. Mchawi ni waya mmoja juu ya mwembe. Hapa sitanii.

Na hii si balaa yangu ya kwanza. Masika iliyopita maji yaliingia ndani ya kebo, nikawa na vipimo bora siku za mvua tu, kwa kuwa kebo iliyolowa humeza hata kile kinachorudi. Mwaka juzi waya wa shaba uliondoka usiku kuelekea kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ya ngazi na mwembe tuyaache.

Leo nimegeuza swichi kwenye A. Mita ya uwiano wa wimbi, ambayo 1 maana yake vimo vinalingana, ikaruka hadi 3. "Mjomba, imeharibika?" Nikapanda, nikakata sentimita tano, nikapima, nikakata tena. Kufika jioni imeshuka hadi 1.5. Nikaita, na mtu wa Mombasa akaniitikia, sauti safi kana kwamba tumekaa benchi moja. Nilikuwa namjibu, wati zote 100 ziko angani, mama jirani alipochungulia juu ya ua. Kifurushi kimelipiwa, nyuma yake tamthilia inaendelea kulia.

"Jirani," akasema kwa upole, "leo afadhali umepumzika."