Sifa za Swali Lisilo na wa Kulijibu

Katika vyote vinavyotukanwa na mafundi wa programu, hakuna kinachoonewa kama swali la tzdata, kile kifurushi cha Debian na Ubuntu kinachotunza kanuni za saa za dunia nzima. Swali hilo hujitokeza wakati wa kujenga kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta ili programu iendeshwe humo peke yake, ambamo skripti, yaani mfululizo wa amri zinazojiendesha, husakinisha vifurushi kimoja baada ya kingine. Na zamu ya tzdata ikifika, kazi yote husimama ili aulizwe mtumiaji, kwa adabu kamili, yuko sehemu gani ya dunia.

Mtumiaji hayupo. Swali hupiga hodi kwenye nyumba tupu na kungoja, na kama hakuna aliyeweka kikomo cha muda litakutwa alfajiri lingali linangoja. Wanaolilaumu hudai kwamba wameshaandika -y, yaani ndiyo, kwenye apt-get, amri ya kusakinisha vifurushi, wakisahau kuwa -y huitikia maswali ya apt yenyewe tu, ilhali hili huletwa na debconf, mfumo wa kuulizia mipangilio, usioridhika na ndiyo ya jumla. Tena ni swali linaloijali Afrika, kwani katika orodha yake bara hili ni namba 1, mbele ya Amerika na Asia (ni kwa sababu ya alfabeti, lakini heshima haikataliwi kwa asili yake).

Wenye haraka hulinyamazisha kwa DEBIAN_FRONTEND=noninteractive, agizo linaloizuia debconf kumwuliza yeyote, ambalo likiwekwa kwa ENV, amri ya kuweka vigezo vya mazingira, hubaki ndani ya kontena hata baada ya ujenzi. Debconf hutii na kuchukua jibu la msingi, Etc/UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ujenzi huisha kimya, watu wakapongezana, hadi malipo yaliyofanyika Mwanza saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai yaonekane kwenye kumbukumbu kuwa ya 22:00 tarehe 30 Juni, yaani ya mwaka wa fedha uliokwisha kufungwa, na mhasibu aanze kutafuta nani aliyeamua hivyo.