Jinsi ya Kuangusha Nguzo Ukiwa Umeketi Woodley

Nenda Toi Market, Nairobi, ununue gorogoro mbili kuukuu, yale makopo ya bati ya kupimia nafaka. Ukirudi nyumbani Woodley, ile ya kwanza ipige teke ikiwa tupu: itabonyea. Ya pili ijaze mchanga, ushindilie mpaka mdomoni, kisha uipige vilevile: utachechemea hadi Adams Arcade. Na mchanga huohuo ukiumwaga chini, hutawanyika ukiugusa tu kwa kidole cha mguu. Basi umeshajua nusu ya habari za nguzo ya bomba la chuma lililojazwa zege. Zege hulizuia bomba lisibonyee ndani, na bomba hulizuia zege lisitawanyike. Mnara wa Canton kule Guangzhou, Uchina, wenye kimo cha mita 600, umebebwa na nguzo 24 za namna hii.

Nusu iliyobaki haipigwi teke. Washa kompyuta, uweke CalculiX, programu ya kukokotoa nguvu za miundo, isiyolipiwa hata senti, halafu ujiandae kubomoa.

Lakini kalamu kwanza. Bomba la kipenyo cha milimita 200, unene milimita 5, chuma cha niutoni 275 kwa kila milimita ya mraba: hubeba tani 86 hivi. Zege la niutoni 25 lililo ndani yake hubeba tani 72. Jumla ni tani 158. Bandika namba hiyo ukutani. Nguzo yako fupi ikifika tani 400 kwenye kioo cha kompyuta, usimpigie mtu simu kumpa habari njema. Tafuta sifuri uliyoikosea.

Kisha usiligandishe zege na bomba kama vitu vilivyozaliwa pamoja. Hapa ndipo wengi huteleza, na ndipo ninapopapenda zaidi. Mzigo unapoanza, chuma hutanuka kando kuliko zege, kwa hiyo bomba bado halijalikumbatia. Zege likianza kupasuka kwa ndani ndipo linavimba, linalisukuma bomba, na bomba linalibana. Kumbatio huja kwa kuchelewa. Ukiligandisha tangu mwanzo, umefuta mkutano wao wote. Waache wagusane, wasuguane, waachane pakihitajika. Bomba la mviringo hubana pande zote. La mraba hubana zaidi kwenye pembe zake, na ubavu wake hulegea.

Usiirundikie nguzo uzito. Ishushe kichwa chake milimita kwa milimita, uisome inasukuma kwa nguvu gani. Ukiongeza uzito tu, siku uwezo utakapokwisha hesabu itakatika hapohapo, nawe hutaona jinsi nguzo inavyokufa: kama inavunjika ghafla au inajikunja polepole na kuwapa watu nafasi ya kukimbia. Kwangu mimi, swali hilo lina uzito kuliko zile tani 158.

Halafu ipindishe. Nguzo ya mita 3, ipe mpindo wa milimita 3 katikati. Usogeze mzigo kando kidogo. Punguza nguvu ya zege, kwa sababu kuna siku mchanga utafika na matope. Nguzo iliyonyooka kabisa huishi ndani ya kompyuta peke yake; hakuna fundi aliyewahi kuisimamisha.

Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha usiku, ghorofa la makazi lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, na watu 50 hivi wakafa. Halikuwa na nguzo za mabomba. Ila tangu usiku ule siwezi kuiona nguzo yoyote bila kujiuliza nani aliyejaribu kuiangusha kabla watu hawajalala juu yake. Sasa nyumba za chini za Woodley, zile zilizokuwa za baraza la jiji tangu enzi za mkoloni, zinapisha maghorofa. Basi iangushe nguzo yako kwenye kompyuta mara 50 ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Hakuna anayeumia.

Mwisho, nenda kwenye mjengo na nyundo ndogo. Gonga bomba kuanzia chini hadi juu, taratibu, sikio karibu. Mahali litakapolia kama debe, pana mwanya ambao zege halikufika. Pima urefu wake, rudi nyumbani, uuchore mwanya huo mahali pake, uiangushe tena.