Karyeri ya Mzee wa Kofia

Baba mdogo, na ninyi nyote mnaosikiliza hapo mgodini Misisi,

Nawaandikia kutoka Brussels. Mimi mzima, isipokuwa miguu.

Mara ya mwisho uliniuliza kwa simu: zile tola mbili za dhahabu ulizouza kwa ajili ya tiketi yangu zimezaa nini? Nikakaa kimya, nikajifanya mtandao umekatika. Mtandao haukukatika, baba mdogo. Huku haukatiki. Nisamehe.

Jibu sikuwa nalo. Jumamosi hii nimepata nusu yake, tena kwa mtu aliyekufa tarehe 15 Agosti 1967. Anaitwa René Magritte. Alikuwa mchoraji, na kazi yake ilikuwa kuchora vitu vya kawaida mahali visipostahili kuwa: tofaa limefunika uso wa mtu, jiwe kubwa linaelea juu ya bahari. Wenyewe wanauita usurealisti. Sisi tungesema ni ndoto ya mtu aliyekula samaki wa mikeke wenye mafuta saa tano usiku. Mama mmoja ninayefanya naye usafi wa ofisi aliniambia, mwaka wa tatu uko hapa na hujaenda kwa Magritte? Alisema kama mtu anayeuliza kwa nini hujaoga. Nikaona haya, nikapanda tramu kwenda Jette, nikashuka kituo kisicho chake, nikatembea.

Nilitegemea jumba. Mtaa wa Esseghem namba 135 nimekuta nyumba nyembamba ya matofali, imebanwa na wenzake kushoto na kulia kama abiria wa katikati kwenye Land Cruiser ya Baraka. Hapo mzee alikaa na mkewe Georgette kuanzia 1930 hadi 1954, tena kwa kupanga, tena chini tu. Juu walikaa watu wengine. Alichorea kwenye chumba cha kulia, karibu na jiko, amevaa suti na tai, na wanasema zulia halikupata doa. Hebu fikiria: mtu yuko kazini, sufuria inachemka kando, na karibu nusu ya kazi zake zote zimetoka hapo hapo. Wewe mabosi wako wa mgodi, mapedeje, wana mashimo kumi na pampu za maji, na bado wanalia.

Chumba cha mbele, kuta za buluu, kuna ile tanuri ya ukutani ya kuotea moto. Mwaka 1938 aliichora tanuri hiyo na treni inatoka ndani yake, inatupa moshi kama kawaida. Nikainama, nikaingiza kichwa kutazama. Msimamizi akakohoa. Nikatoa kichwa nikamuuliza, picha yenyewe iko wapi? Chicago. Na ile maarufu ya kiko, ya 1929, ambayo chini yake ameandika kwamba hicho si kiko? Los Angeles. Na ile ya 1953, wanaume wenye makoti na kofia nyeusi wamejaa hewani kama mvua? Houston, Texas. Halafu akaniongezea bila kuulizwa: picha hiyo inaitwa Golconda, jina la mji wa zamani wa India uliosifika kwa almasi.

Baba mdogo, nilicheka hadi nikaombwa nipunguze sauti. Shimo lipo. Mtu wa kukuonyesha shimo yupo, na unamlipa. Mali yenyewe ilishapanda ndege zamani! Kilometa zote hizi nimetoka Misisi kuja kufika Misisi.

Kuhusu kiko, najua utabisha, kwa sababu wewe unacho. Mimi nasema mzee alikuwa na haki: ile ni rangi juu ya kitambaa, jaribu kuitia tumbaku. Ila mtu akija mezani kwako na mchoro wa dhahabu, akakuambia kwa uso mkavu hii si dhahabu, ungemfukuza kabla hajamaliza. Huyu walimlipa. Sitaki kuitetea sana Ulaya, lakini hapo wamekushinda.

Kijana unayesoma, shangazi akiwa karibu aya hii ipitie kimya. Nyumbani humo palikuwa na picha ya mke wa mzee akiwa uchi, amelala kando ya bahari, na kombe limewekwa tumboni. Tarehe 24 Septemba 2009, asubuhi, mtu alibonyeza kengele ya mlango. Aliingia na mwenzake, na bastola, wakatoka na Georgette chini ya kwapa. Picha yenye thamani ya mamilioni ya euro! Ikarudi Januari 2012, kwa sababu kila mnunuzi duniani alikuwa anaijua sura yake. Hapo nikaelewa kwa nini wezi wetu hawagusi sanaa. Dhahabu ukiiyeyusha, hakuna anayeweza kuapa ilitoka shimo la nani. Mke wa mtu huwezi kumyeyusha.

Kesho yake nikaenda makumbusho yake yaliyofunguliwa 2009 pale Place Royale, mwendo mfupi tu kutoka Matongé ninakonunua sombe ya kugandishwa (watu wa huko wanaiita pondu, na bei yake nisiitaje). Ndani kuna kazi zaidi ya 200, kwa hiyo si kweli kwamba Marekani walichukua zote. Nyingi nilizipita haraka. Moja ilinisimamisha. Juu ni mbingu ya mchana kweupe, na mawingu yake. Chini ni nyumba, usiku wa manane, miti myeusi, na taa moja imewaka. Wazungu walikuwa wamesimama wanashika videvu. Mimi niliitambua papo hapo: ni saa sita mchana kwenye machimbo ya Akyanga. Juu jua linawaunguza mama zetu wanaotwanga mawe, na chini yao, shimoni, wavulana wamo ndani ya usiku, tochi zimefungwa kichwani kwa mpira. Nilitaka kumwambia mtu. Sikumwambia mtu.

Mzee aliichora picha ya namna hiyo mara nyingi. Dada yake moja, ya 1954, iliuzwa New York Novemba 2024 kwa zaidi ya dola milioni 121. Gawa mwenyewe kwa bei ya tola. Mimi simu yangu iliandika kosa.

Kabla ya euro, Wabelgiji walikuwa na noti ya franka 500, na sura juu yake ni ya huyu Magritte. Sasa toa noti yetu ya 500 mfukoni, uitazame. Wachimbaji, wanatafuta almasi. Kila mtu alichora anachokijua.

Jambo la mwisho nililofanya ni kumsalimia kaburini. Amezikwa na Georgette kwenye makaburi ya Schaerbeek. Nilizunguka Schaerbeek saa nzima, kila ninayemuuliza ananionyesha njia ya kutoka Schaerbeek, hadi bibi mmoja akanihurumia: makaburi ya Schaerbeek hayako Schaerbeek, yako Evere. Nilipoona kibao nikajua ni mkono wa mzee.

Kaburi ni la kawaida, jiwe na majina. Nilisimama kidogo. Alizaliwa 1898 Lessines, mji wa karyeri, wa mawe ya kutandika barabara. Kwa hiyo ni mtoto wa karyeri kama sisi. Na mwaka 1912, ana miaka 13, mama yake alikufa maji katika mto Sambre. Hapo utani uliniishia. Ndugu zetu wa Baraka, kando ya ziwa, wanajua kungoja mtu ukingoni mwa maji.

Basi, tola mbili bado hazijazaa, lakini zina mimba. Picha niliyotuma ni mimi mbele ya ile tanuri. Treni haikufika siku hiyo. Euro 60 nimezituma Ijumaa: 40 za bati la mama, 20 zako. Mama apewe zake zote, na zako usizipime kwa njiti za kibiriti kama dhahabu.