Jinsi ya Kuunyima Moto Chakula Chake

Anayetaka kuanza kukereza kwa kununua mashine mpya na magogo ya dukani, basi mwongozo huu haumfai. Sisi wa huku Ngara tunaanza kwa kuchungulia kuni za watu.

Pita barabara ya Nyakanazi hadi Rusumo ukitazama kandokando. Utaona shina la mwembe ulioangushwa na upepo, mibuni mizee iliyong'olewa, mguu wa kitanda cha mninga, paleti zilizoachwa na wenye malori. Vyote hivyo vinangoja kiberiti. Simama, usione haya. "Shikamoo mama. Naomba hicho kipande cha mwembe, nami nitakuletea mkaratusi mkavu, viwili kwa kimoja." Atakucheka, kisha atakupa, maana kwenye mafiga yake mkaratusi mkavu una faida kuliko mwembe mbichi.

Nasisitiza kuokoa miti ya namna hii kwa sababu Ngara inajua kilima kinavyokuwa kikiisha miti. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika siku chache tu, wakapiga kambi Benaco. Hadi wengi wao waliporudishwa Desemba 1996, vilima vya jirani vilikuwa vimepikiwa maharage. Siwalaumu, mkimbizi mwenye watoto hawezi kula maharage mabichi. Lakini sisi tuliobaki na vilima hivyo, tena tukiwa na kuni nyingine uani, tukichemshia chai mninga uliokua kwa makumi ya miaka, huo ni ufujaji.

Kuchungulia kuna mipaka. Yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi tangu 2019 yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na humo hata tawi kavu si lako. Na kabla ya kupakia magogo kwenye gari, pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kwanza uulize vibali.

Paleti isomwe kabla ya kubebwa. Ikiwa na muhuri wa HT, mbao zake ziliuliwa wadudu kwa joto, chukua. Ikiwa na MB, zilifukizwa kwa sumu ya methili bromidi. Iache, hasa kama unawaza bakuli la kulia. Halafu vunja spika mbovu utoe sumaku, uipitishe juu ya kila ubao. Msumari mmoja uliojificha unaharibu makali uliyoyanoa asubuhi nzima. Mvule wa fremu za milango ya zamani una hila yake: ndani ya mti wenyewe hujijenga mawe ya chokaa, na hayo sumaku haiyaoni. Patasi ikilia ghafla, zima mashine utazame. Vumbi la mvule nalo huwasha pua na ngozi, kwa hiyo funga barakoa.

Sasa mashine. Cherehani ya miguu iliyokufa kichwa bado ina kanyagio, na hiyo ni nusu ya kazi. Gurudumu lake ni jepesi, linatosha kukereza mpini na kisukumio cha chapati. Bakuli linataka mota. Mota ya pampu au ya mashine ya kusaga iliyochakaa mara nyingi huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika, kasi ya kumvunja mtu taya. Funga puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 4 kwenye shafti, upate 720. Kanuni ya wakerezaji ni hii: zidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 hapo limekaa salama. Kipande ambacho bado kina pembe kianzie kasi ya chini zaidi, na unapowasha usisimame mbele yake. Vaa kinga ya uso. Kanga, skafu na mikono mirefu vibaki nyumbani.

Patasi usinunue. Peleka kipande cha springi ya gari kwa mhunzi. Kazi ya chuma si ngeni huku: Uzinza, jirani yetu, ndiko kwao Warongo waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe. Chuma kipashwe mpaka sumaku ikatae kukishika, kizamishwe kwenye mafuta, king'arishwe, kipashwe tena polepole mpaka ncha ipate rangi ya nyasi kavu. Watu watakushauri utumie tupa kuukuu. Kataa. Tupa ni ngumu lakini haina unyumbufu, na ikikatika kwenye mzunguko kipande hakichagui pa kwenda.

Mti mbichi upasuliwe kupitia kiini, kiini chenyewe kiondolewe kwa sababu nyufa huanzia hapo, na ncha zipakwe nta siku hiyohiyo. Kereza bakuli likiwa bado nene, ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, kisha lifukie ndani ya maranda yake mwenyewe, kivulini, miezi kadhaa. Litapinda. Liache lipinde, ndiyo maana uliacha unene.

Siku ya kumalizia, mgongo wa patasi uguse mti kwanza, ndipo uinue mkono kidogo hadi makali yaanze kula. Nje kata kutoka kitako kwenda mdomoni, ndani kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukipatia, maranda yatatoka utepe mrefu na kukuangukia begani. Ukiona vumbi tupu, nenda kanoe. Kwa kupaka, wafugaji nyuki wa Biharamulo wana nta: yeyusha kidogo ndani ya mafuta ya kula, juu ya maji ya moto, usiweke motoni moja kwa moja. Paka bakuli likizunguka taratibu, kwa kipande cha karatasi. Usitumie kitambaa kamwe, kwa sababu kikinaswa kinavuta na vidole.