Sifa za Makapi

Wazee wetu waliusifu mnazi tangu mizizi hata kilele, wakausifu mpunga, na jahazi, na mwezi wa kumi na nne, na wanawake waliofanana na mwezi huo, hata nikadhani kwamba hapana kitu kilichosahauliwa na kalamu. Lakini nimetafuta vitabuni na katika vifua vya watu wenye hifadhi, nisimpate mtu hata mmoja aliyekaa kitako kuyasifu makapi. Nami kwa kuwa nimetumia takriban miaka arubaini ya umri wangu, pamoja na fungu la mshahara ambalo ahali yangu hulitaja kwa hesabu kamili kila tunapogombana, katika kuyakusanya makapi ya bendi moja ya Wamarekani, naona deni hili ni langu, na kwamba nikifa kabla ya kulilipa hapana mwingine atakayejitwisha.

Bendi yenyewe yaitwa R.E.M. Ilizaliwa mwaka 1980 huko Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, nayo ilikuwa ya watu wanne: Bill Berry mpiga ngoma, Mike Mills wa besi, Peter Buck wa gitaa, ambaye alikuwa muuzaji katika duka la santuri, na Michael Stipe mwimbaji, ambaye alikuwa mteja wa duka lile lile. Hili la duka nalitaja kwa kusudi, kwani asiyejua kwamba mambo yote haya yalianza baina ya mwuza santuri na mnunuzi wake, yaani baina ya wagonjwa wawili wa maradhi mamoja, hatafahamu kwa nini walipokuwa mashuhuri hawakuacha kututupia sisi wagonjwa wenzao vipande na vijiwimbo ambavyo bendi yenye haya ingevifukia. Muziki wao uliitwa muziki mbadala, kwa maana ya kwamba haukuwa ule uliopigwa na redio. Jina lililowakaa vizuri mpaka mwaka 1991, ambao nitaufikia kwa huzuni.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na mtu wa Mombasa hulelewa katika taarabu, ambamo neno ndilo bwana na vinanda ni watumishi wake. Mwimbaji akimeza silabi moja, ukumbi mzima wamlaumu. Na nimewaona kwa macho yangu mabibi wakiinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji kwa ajili ya fumbo moja tu, lililotua barabara juu ya jirani aliyeketi safu ya tatu. Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, umweke mbele ya Stipe wa siku zile za mwanzo, ambaye aliimba kama mtu anayesema na nafsi yake chini ya shuka, na ambaye albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1983, iliitwa Murmur, yaani mnong'ono, jina ambalo halikuwa na uwongo hata kidogo. Mabingwa wa jarida la Rolling Stone waliuchagua mnong'ono huo kuwa albamu ya mwaka, wakaiacha nyuma Thriller ya Michael Jackson ambayo kila mtu aliisikia neno kwa neno. Najua mtasema kwamba Mombasa nzima iliimba nyimbo za Kilingala kwa ufasaha mkubwa bila ya kujua maana yake. Kweli, lakini Kilingala kina wenyewe, na Mkongo akipita utamwuliza atakufasiria. Stipe alikuwa akiimba kwa Kiingereza, na Wamarekani wenziwe hawakumsikia vizuri kuliko mimi. Kwa mara ya kwanza tangu niingie skuli, mimi na Mzungu tulikuwa sawasawa mbele ya lugha yake, na neema hiyo sijaisahau.

Kanda yangu ya kwanza niliipata mwaka 1986 kwa sahibu yangu aliyerudi masomoni. Yeye aliinakili kwa mwanafunzi mwenzake, naye aliinakili kwa nduguye, naye nduguye aliinakili katika santuri yenye mchubuko; kwa hiyo nikaijua sanadi ya kanda ile, fulani kapokea kwa fulani, mpaka kufika kwenye sindano yenyewe. Kila mpokezi alikuwa ameacha dalili yake: mmoja vumo la feni, mwingine mlango ulioungurumishwa na upepo, na baina ya wimbo wa tatu na wa nne mtoto alikohoa mara mbili. Miaka ilipopita nikanunua nyimbo zile zile katika diski safi, nikakaa kungojea kikohozi, hakikuja. Ahali yangu alinikuta nimeinamisha kichwa, akaniuliza, "Baba Nasri, kumezidi nini?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye akili.

Lakini kanda ni makapi ya bahati mbaya tu. Makapi halisi ni yale yanayopepetwa na mwenye mpunga mwenyewe. Santuri yao ya kwanza, ndogo ya nyimbo mbili, ilitoka mwezi wa Julai 1981 kwa kampuni changa iliyoitwa Hib-Tone. Zilichapwa sahani 1,000, na katika hizo 600 zikagawiwa bure ili kuitangaza, na kibandiko chake kikatoka bila ya anwani, hata aliyeisikia akaipenda hakujua aiagize kwa nani. Baadaye zikachapwa 6,000 zaidi. Peter Buck hakuridhika na namna sauti ilivyotoka, basi akaichukua sahani moja, akaivunja, akaibandika ukutani kwake. Hebu pimeni wenyewe: kitu ambacho mwenye kukipiga alikivunja kwa mikono yake, ashiki wake leo hukitafuta kwa bei ya mbuzi, na si mbuzi mkondefu. Nilipomsimulia ahali yangu habari hii, kwa kudhani kwamba itamlainisha, alinitazama kwa muda akasema, "Kama mwenyewe kaivunja, wewe waitafutia nini?" Na huo ndio msingi wa elimu yetu yote, ingawa alikusudia kuubomoa. Kilicho chema hakimhitaji mtu. Kitapendwa na umati, kitahifadhiwa, kitapigwa arusini. Kibovu kisipopata ashiki wake mmoja aliyepungukiwa na akili, kitapotea, na hapana atakayejua kwamba kilipotea.

Mwaka 1987 bendi iliyakusanya makapi yake katika albamu moja yenye nyimbo kumi na tano, ikaiita Dead Letter Office, jina la ile ofisi ya posta ya Marekani inayopokea barua zisizoweza kumfikia mwandikiwa wala kurejeshwa kwa mwandishi. Na ofisi hiyo, kwa jina jingine, leo ipo Atlanta, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Athens. Buck aliandika maelezo ya jaladani, akatunasihi tuisikilize kama mtu apitaye katika duka la vikorokoro. Sijapata kuona mfanya biashara aliyesema kweli namna ile juu ya mali yake. Mna wimbo humo, "King of the Road" wa Roger Miller, walioupiga wakiwa wamelewa hata gitaa lauliza njia na besi lajibu kwa jambo jingine, na Buck akakiri kwamba kama ingekuwapo haki duniani, Miller angewashtaki.

Na mna "Voice of Harold", ambao naomba ruhusa ya kukaa nao kidogo. Walikuwa studio huko Charlotte, North Carolina, wakitengeneza albamu yao ya pili, Reckoning, iliyotoka 1984. Stipe alikuwa akiuimba wimbo mmoja kwa sauti ndogo mno, na Don Dixon, mmoja wa wasimamizi wawili wa kazi ile, akatafuta dawa ya kumchangamsha, akampa santuri ya zamani ya kwaya ya Kikristo aliyoiokota studioni humo. Stipe akaigeuza, akaanza kuyaimba maandishi ya nyuma ya jalada, kama yalivyo, kwa ufundi wake wote na kwa ule mnong'ono uliokwisha kuwa mlio: sifa za waimbaji, na majina ya watu, na makaribisho kwa mnunuzi, yote yakapanda na kushuka juu ya ala za wimbo ule mwingine. Ni kana kwamba mwimbaji wetu mmoja asimame mbele ya kadamnasi, vinanda vimekwisha kulia, akaiimba karatasi ya kopo la samli tangu uzito wake hata tarehe ya kuharibika. Nami nakiri, na aniseme anisemaye, kwamba nimezisikiliza nyimbo zao zenye hikima, nikazistahi. Lakini karatasi ile ya kopo imenitoa machozi mara mbili, na mara ya pili sikuwa na homa.

Wanaonishutumu kwa israfu hawajui zile santuri za Krismasi. Tangu 1988 bendi iliwapelekea wanachama wa klabu yake, kila mwisho wa mwaka, santuri ndogo isiyouzwa dukani. Ya kwanza ilikuwa na upande mmoja wa askari wa mbao wanaokwenda gwaride, na upande wa pili wimbo wa Television, bendi ya New York. Mimi Mwislamu mwana wa Mwislamu nikawa kila Januari naingojea Krismasi ya mwezi uliopita. Karani mmoja, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, aliipapasa bahasha akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia santuri. Ya nini? Ya Krismasi. Akaitazama kofia yangu, akaitazama fomu ya ushuru, kisha akaitazama tena kofia, akaandika kiasi ambacho nina hakika alikitoa katika mshangao wake wala si katika kitabu cha sheria. Nikalipa. Ilidumu desturi hiyo mpaka 2011, mwaka ambao bendi ilivunjika, na Januari zangu tangu hapo hazina maana.

Sasa ule mwaka 1991. Buck alikuwa akijifunza kupiga mandolini, na katika kujifunza kwake ukatoka wimbo ulioitwa "Losing My Religion", yaani kuipoteza dini yangu, ambao kwa maneno ya watu wa kusini mwa Marekani ni habari ya mtu aliyeishiwa na subira tu, lakini jirani yangu, mwenye Kiingereza cha darasani, alinijia baada ya alasiri kwa upole mkubwa kutaka kujua kama nimeritadi. Huo nikaustahimili. Nilichoshindwa kukistahimili ni kuusikia ndani ya matatu, baina ya tangazo la sabuni na kelele za utingo, na abiria wakiufuatisha kwa midomo. Miaka mitano nilikuwa nimeilinda bendi ile kama mtu alindavyo siri ya ukoo. Kumbe siri yenyewe ilikuwa ikipakiwa watu kumi na wanane. Katika albamu ile ile ulikuwamo wimbo mwingine, "Shiny Happy People", mchangamfu kama meno ya dobi anayedai, nami niliuchukia kwa uaminifu kwa muda wa miaka kumi na miwili. Kisha mwaka 2003 bendi ikatoa mkusanyo wa nyimbo zake mashuhuri, ikauacha wimbo huo nje, kwa kuwa wenyewe waliuonea haya. Basi umekuwa makapi! Ilinilazimu niende kuununua siku ile ile, na tangu hapo sioni ubaya wake.

Mjukuu wangu huniambia kwamba vyote hivi, na vingine nisivyopata kuviona, vimo katika simu yake bure, na hunivutia kimoja baada ya kimoja kama mtu anayewatupia kuku mtama. Namsikiliza kwa adabu. Yeye hana kosa. Makapi yaliyomfikia hayakupepetwa na mtu.

Sikieni, basi, jambo lililonipata Ramadhani moja. Nilikuwa nimekaa barazani baada ya tarawehe, na kinanda changu kikipiga upande wa mwisho wa Dead Letter Office, ambamo mna kipande kiitwacho "Walter's Theme": ni tangazo walilolitunga kwa ajili ya mkahawa mmoja wa nyama choma huko Athens, nalo walilipiga katika ulevi ule ule. Kijana anayechoma mishikaki pembeni mwa nyumba yangu aliacha kupepea makaa. Kwa miaka minne amezisikia santuri zangu asiseme neno, ila safari hii alikuja na kipepeo chake mkononi, akasimama.

"Ami, hawa waimba nini?"

Nikamweleza: wamsifia mtu aitwaye Walter, achoma nyama. Akasikiliza mpaka mwisho bila ya kucheka, kama fundi amsikilizapo fundi, na moshi wake ukamzunguka magotini. Nikaona kwamba katika watu wote waliopata kuusikia wimbo ule, nami nikiwamo, huyu ndiye aliyeusikia kama ulivyokusudiwa. Akaniuliza Walter aliwalipa kiasi gani. Nikasema sijui.

"Na nyama yake, Ami, ilikuwa nzuri?"

Nimesoma majalada yote, najua tarehe, najua nani alipiga nini na katika studio gani, najua na sahani zipi zilitoka bila ya anwani. Swali hilo sikupata kujiuliza. Akangojea kwa heshima, kisha akarudi kwenye makaa yake, kwani mishikaki ilikuwa imeanza kuungua.