Sifa za Mbio za Kinyumenyume

Kila kitu kimeshapata wa kukisifu. Nazi imesifiwa, dafu limesifiwa, hata bakora ya mzee ina mashairi yake. Mbio za kinyumenyume ndizo hazijapata msemaji, basi leo nimejitolea kuwa wakili wake, bila malipo.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi kabla hakujajulikana kwao. Katika kuvuta kamba, mshindi ni anayerudi nyuma. Anayekwenda mbele kaburutwa. Mpiga makasia wa Olimpiki huupa mgongo mstari wa kumalizia. Refa wa soka hufanya mazoezi ya kukimbia nyumanyuma ili macho yasibanduke mchezoni. Na Mmarekani Plennie Wingo alitoka Fort Worth, Texas, Aprili 1931, akitembea kinyumenyume na miwani yenye vioo vya kuonea nyuma, akafika hadi Istanbul. Bahari aliivuka kwa meli, ambayo kwa bahati mbaya ilikwenda mbele.

Afya nayo iko upande wetu. Wengi wakikimbia mbele hutua kwa kisigino. Kinyumenyume unatangulia kutua kwa vidole, pia ya goti inapunguziwa mzigo, na misuli ya mbele ya paja inabeba kazi. Kwa mwendo uleule unatumia nguvu nyingi zaidi. Yaani unachoka mapema, tena karibu na nyumbani. Mwenye shughuli nyingi atake nini tena?

Lakini faida kubwa ni ya mtaa mzima. Kimbia mbele alfajiri uswahilini, nani atakujali? Kimbia kinyumenyume, uone. Mama wa vitumbua anasogeza karai la mafuta kabla hujafika, huku akiuliza macho umeyahamishia kisogoni lini. Bodaboda, ambaye hajapata kumpisha mtu tangu anunue pikipiki, anashika breki. Watoto wanakufuata wakipiga kelele: "Mtaro, anko! Mtaro!" Na ule mtaro, ambao mfuniko wake uliibwa siku nyingi, hatimaye unapata walinzi. Kasoro ni salamu tu: mzee unamwona ukiwa umeshampita. Hata hivyo shikamoo yako, ingawa imechelewa, inamfika uso kwa uso.

Wapinzani hawakosi. Watasema anayerudi nyuma hujikwaa. Wahenga walishasema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Na kwetu hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana ukishakwenda mbele umevunja kanuni za mchezo. Watasema tena ni mwendo wa kobe. Mwaka 2004 Xu Zhenjun wa China alimaliza marathoni ya Beijing kinyumenyume kwa saa 3, dakika 43 na sekunde 39. Mimi na wewe tungekuwa nyuma yake, tukitazamana naye usoni mpaka apotee.

Lililo kubwa kuliko yote ni heshima. Katika marathoni ya Berlin, mwaka 2022, Mkenya Eliud Kipchoge alimaliza kwa 2:01:09, na wa pili akaingia karibu dakika 5 baadaye. Bingwa mzima alikata utepe bila kuona jasho la aliowashinda! Angekimbia kwa mtindo wetu, angewatazama mmoja mmoja wakififia.

Na wa mwisho je? Katika mbio za kawaida, maskini huyo hutazama migongo ya wenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Katika zetu anatazama barabara tupu. Haoni aliyemtangulia, wala hakuna anayemfukuza. Kwa ushahidi wa macho yake mwenyewe, hajashindwa na mtu. Waliotangulia wanamwona vizuri sana, lakini hizo ni habari zao. Yeye atazipata atakapowagonga kwa mgongo, wakiwa wameshavalishwa medali.